Nani kaamua kituo cha afya kijengwe pale uwanjani?

Jumatatu moja asubuhi lori limemwaga kokoto kwenye kiwanja cha mpira cha mtaani kwetu, tripu mbili, na kabla dereva hajamaliza kufunga bodi la nyuma grupu la WhatsApp la mtaa lilikuwa lishawaka moto. Voisi ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja tunayemheshimu, anahema kabisa, "jamani kiwanja cha watoto kimeuzwa". Ya pili ikasema hakijauzwa, ni diwani anataka kituo cha afya kikae jirani na vyumba vyake vya kupangisha. Ya tatu ikamaliza mjadala, kwamba hayo mambo yameamuliwa Dodoma sisi hatuna letu. Mpaka saa nne watu wawili washajitoa kwenye grupu kwa hasira na hakuna hata mmoja aliyeenda kuuliza.

Mi nilienda. Sio ushujaa, ofisi ya mtaa iko njiani kwangu tu. Nilichokikuta huko nitakisimulia mbele, kwanza niseme kilichonifanya niandike: tunachanganya vitu vinne vitano tofauti tukidhani ni kitu kimoja, afu tunamlaumu mtu ambaye hata kalamu ya kusaini hana.

Tuanze na maneno. Ukikaa na afisa ardhi yeyote utamsikia anasema kupanga, kupima na kumilikisha, na wizara ikayafanya mpaka jina la programu, KKK, ile iliyokuwa inakopesha halmashauri hela za kufanyia kazi hiyo. Sisi wengi tunayasikia kama neno moja refu. Mfikirie fundi cherehani. Umempelekea kitambaa, anachukua chaki anachora, hapa mkono, hapa kola, hapa mfuko. Hiyo ndo kupanga, na michoro yake ndo ile ramani ya mipango miji, wenyewe maofisini wanaiita TP. Afu anachukua mkasi anakata kufuata chaki, hapo ndo kupima, na zile bikoni za zege ambazo watoto wanazikalia ni alama za mkasi ulipopita. Mwisho anakukabidhi shati lako, ndo kumilikisha, unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99 kutegemea na masharti. Kibali cha ujenzi ni baadaye kabisa, shati lishakuwa lako, sasa unaomba kushonea kifungo na wao wanaangalia kama kifungo kinaendana na shati.

Cha kushika hapo ni ile chaki. Mfuko ukishachorwa upande wa kushoto ndo umeamuliwa, hata kama sindano itapita miaka kumi baadaye. Kelele zetu nyingi tunazipiga siku ya sindano.

Kila kipande kwenye ramani kinapewa kazi yake, na kazi hiyo inaitwa matumizi ya ardhi. Makazi, biashara, makazi na biashara, viwanda, shule, afya, ibada, makaburi, eneo la wazi, njia za maji, barabara. Ni kama unavyogawa nyumba yako, kuna sehemu ya kulala na kuna sehemu ya kupikia na hakuna mtu mwenye akili anayeweka choo katikati ya jiko hata kama nafasi ipo. Mwenye hati aifungue sasa hivi aisome, ukurasa wa masharti, kwa kile Kiingereza chao cha kimahakama utakuta mstari unasema ardhi hii itumike kwa makazi tu, matumizi ya kundi A, na kundi hilo limefafanuliwa kwenye kanuni za mipango miji. Watu tunasoma jina letu na ukubwa wa kiwanja, tunafurahi, tunafungia kabatini. Ndo maana mtu anafungua gereji ya kupiga rangi magari katikati ya nyumba za watu na akiambiwa anajibu "kwani si kwangu?" Kwako ndiyo, ila kwa kulala.

Na hata hiyo "kwangu" ina mipaka. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini kwa niaba yetu, wewe na mimi tuna haki ya kuitumia. Nikisema hivi kuna watu wanasikia "kwaiyo serikali inaweza kukufukuza muda wowote bure". Hapana, nitafika kwenye fidia.

Sasa nani anashika chaki. Hapa ndo penye uchafu wote. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inasema mamlaka ya upangaji ni halmashauri: ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Mwenyekiti wa mtaa hayumo. Narudia maana najua kuna mtu atasoma hii na bado kesho aende kwa mwenyekiti "kununua eneo la serikali": mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi, habadili matumizi, na hawezi kuuza kiwanja cha mpira kwa sababu hakuwahi kuwa nacho. Anachofanya kwenye mauziano ya watu ni kushuhudia, anawajua wahusika, anapiga muhuri. Muhuri wake unasema hawa watu nawafahamu, hausemi hapa panafaa ghorofa.

Kijijini ni habari nyingine kabisa, na nadhani mkanganyiko wetu unaanzia hapo maana wengi tumetoka kijijini tukaja mjini na sheria za kule kichwani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya mwaka huohuo 1999, halmashauri ya kijiji ndo inasimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Kule wananchi wakikaa chini ya mwembe wakisema zahanati ikae pale, hilo neno lina uzito wa kisheria. Mjini mkutano wa mtaa unatoa maoni na kuibua mahitaji. Maoni yana nguvu yake, hasa kama diwani anataka kurudi, lakini ramani inakaa ofisi ya mipango miji.

Tuseme basi mtaa wenu hauna kituo cha afya, mama anajifungulia kwenye bajaji. Hitaji linaibuliwa mtaani, linaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ndo mwenyekiti wake, linapanda halmashauri kwa wataalamu, mganga mkuu wa wilaya anasema neno lake, afisa mipango anaangalia hela. Linaingia kwenye kamati za kudumu za madiwani, ya fedha, ya huduma, na kwa mijini kuna kamati ya mipango miji na mazingira ambayo kwa maoni yangu ndo kamati yenye maana kubwa kuliko zote na hakuna mtu anayejua wajumbe wake kwa majina. Mwisho Baraza la Madiwani. Mkurugenzi ni katibu wa baraza, anaandaa, anatekeleza, ila hapigi kura. Na baraza la kawaida ni mkutano wa wazi, unaruhusiwa kuingia kukaa nyuma kusikiliza, jambo ambalo ukiwaambia watu wanakuangalia kama umewaambia wanaruhusiwa kuingia jikoni kwa Rais.

Kwaiyo ile voisi ya pili, ya diwani na vyumba vyake, inawezekana au haiwezekani? Peke yake hawezi. Anaweza kusukuma, anaweza kushawishi wenzake, binadamu ni binadamu. Lakini lazima apite kwenye vikao, na vikao vina mihtasari, na muhtasari unasomeka. Ukiwa na shaka na diwani wako uliza kikao kipi, tarehe gani, ajenda namba ngapi. Swali hilo linatisha kuliko voisi kumi.

Ile ya tatu nayo, kwamba imeamuliwa Dodoma, ina ukweli nusu. Hela nyingi za majengo ya umma zinatoka serikali kuu kupitia TAMISEMI, ile ofisi ya Rais inayosimamia halmashauri. Mnakumbuka mwaka 2021, fedha za UVIKO, trilioni 1.3, madarasa 15,000 nchi nzima yakajengwa kwa haraka. Dodoma inasema halmashauri yenu mmepata hela ya kituo kimoja. Kikae kata gani na kiwanja kipi, hiyo ni nyumbani.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho nilikuwa sikijui mpaka mtu mmoja wa ndani ya mambo hayo alipokaa na mimi kwenye kahawa akanifafanulia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi unaisha Juni 30. Hela ikiingia halmashauri katikati ya mwaka, saa inaanza kuhesabu, zisipotumika kuna hatari zirudi hazina. Hela yenyewe ni ya jengo, saruji, nondo, mabati, fundi. Ya kununua ardhi haimo. Sasa jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi: una miezi michache, una hela ya jengo, huna hela ya kiwanja. Utatafuta wapi? Utatafuta ardhi ambayo haina mtu wa kulipwa. Ndo maana shule mpya ya kata inaenda kukaa kule bondeni mwisho wa dunia watoto wanatembea saa nzima, na ndo maana kituo cha afya kinaangukia kwenye uwanja wa mpira au pembeni ya makaburi. Wala sio ubaya wa mtu, ni kwamba bondeni ndo bure.

Kwenye maeneo yaliyojengwa holela ni balaa zaidi. Dar inatajwa mara nyingi kwamba karibu asilimia 70 ya watu wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, na si ajabu, jiji liliishi na mpango kabambe wa mwaka 1979 kwa miaka mingi sana baada ya muda wake kupita, huku watu wanaongezeka kila siku. Mtaa wa hivo kila mtu ameuza mpaka futi ya mwisho, njia yenyewe mkipishana na jeneza mnalisimamisha wima. Urasimishaji ukija, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa holela, wapimaji wanaomba watu waachie mita mbili za barabara, ugomvi. Sasa waombe heka za shule uone.

Fidia. Serikali inaweza kuchukua eneo lako kwa ajili ya huduma ya umma, sheria ya utwaaji ardhi ipo tangu 1967. Lakini haichukui bure. Sheria ya Ardhi inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kwenye hesabu hakuna nyumba peke yake: kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko na maendelezo uliyofanya, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi ambayo inahesabiwa kodi ya miezi 36, na kama ulikuwa na biashara halali hapo kuna faida utakayoikosa. Sheria ya uthamini ya 2016 ikaongeza kwamba malipo yakipita miezi sita riba inaanza kupanda, na uthamini wenyewe ukifika miaka miwili bila malipo umekufa, waje wakuthamini upya. Watu wengi wanakaa miaka wamezuiwa kupanda hata mpapai kwa sababu "tumethaminiwa", na hawajui kwamba karatasi waliyoshika ishapitwa na muda. Sasa piga hesabu nyumba nane tu za kulipwa hivyo, ndo utaelewa kwanini uwanja wa mpira unapendwa.

Je ramani inabadilishwa? Inabadilishwa. Kipande kilichopangwa makazi kinaweza kuombewa kiwe biashara au taasisi, unaenda halmashauri unajaza maombi, linatangazwa gazetini ili mwenye pingamizi aseme, wataalamu wanatoa maoni, kamati inakaa, linapanda juu. Tatizo ni lile tangazo. Liko ukurasa wa ndani, herufi za mchwa, limeandikwa namba ya kiwanja na kitalu, wewe jirani hata namba ya kiwanja chako huijui. Ndugu zetu wa Kenya, ambako mipango ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, wanabandika na bango palepale kwenye kiwanja, "inapendekezwa kubadili matumizi", mtu anapita na daladala, wao matatu, analiona. Kwangu hilo bango lina faida kuliko magazeti kumi.

Kuna dhana nyingine naisikia sana, kwamba jengo likiwa la serikali halihitaji kufuata taratibu, linajengwa popote. Si kweli. Kituo cha afya kina taka zake, kuna kichomea taka, kuna maji machafu, huwezi kukiweka kwenye chanzo cha maji, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Miradi mikubwa inatakiwa tathmini ya athari kwa mazingira na cheti kabla ya kumwaga zege. Hifadhi ya barabara kuu nayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati, hapo hata muhuri wa mkoa haukusaidii, alama ya X ya kubomolewa itakufuata. Kufuatwa kwa taratibu ni suala lingine, ila zipo.

Na kufuata ramani peke yake hakutoshi, hili nalo tuliseme. Jengo linaweza kuwa na karatasi zote na bado likawa mahali watu hawataki kwenda. Machinga Complex pale Ilala ilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ili wamachinga watoke barabarani, ghorofa zuri tu, likakaa miaka mingi vizimba vingi vitupu. Machinga anafuata miguu ya watu, miguu ya watu haipandi ngazi kutafuta soksi. Stendi ya Mbezi nayo, tangu ilipofunguliwa 2021 baada ya Ubungo, imekuwa ni mvutano na mabasi yanayopakia abiria kwenye ofisi zao za Shekilango. Mpangaji anachora ardhi, watu wanachora njia zao wenyewe.

Haya, ofisi ya mtaa. Mtendaji wetu ni binti mdogo tu, nikamsalimia, nikamuuliza habari ya kokoto. Akanijibu bila hata hasira, "Kaka, tangazo la mkutano lilikaa hapo mlangoni wiki mbili, mlikuja watu kumi na saba." Mimi sikuwemo kwenye hao kumi na saba, nikanyamaza. Akainama chini ya meza akatoa nakala ya TP, imekunjwa kama mkeka, imefungwa na kamba ya katani, kona moja imeliwa na mende. Kakandamiza upande huu na daftari la wageni, upande ule na stepla. Chini kulia namba ya ramani, mwaka 2009, sahihi na muhuri. Kaweka kidole kwenye uwanja wetu. Pameandikwa zahanati.

Yaani sisi tumecheza mpira juu ya zahanati kwa miaka yote hiyo. Uwanja haukuwahi kuwepo kwenye karatasi, ulikuwepo kwa sababu zahanati ilichelewa.

Nikapata swali moja la maana, ndo hili ningependa grupu zima lingeuliza: ilichorwa zahanati, inajengwa kituo cha afya, na hivyo si kitu kimoja. Zahanati unatibiwa unarudi nyumbani, kituo cha afya kinalaza wagonjwa na kinafanya upasuaji wa wajawazito, kinataka wodi, maabara, sehemu ya gari la wagonjwa kugeuza. Eneo linatosha? Mtendaji akasema swali hilo liliulizwa kwenye mkutano na mtu wa kumi na saba, mama mmoja muuza vitumbua, na wataalamu wakaja wakapima upya, wodi moja imesogezwa isigusane na ukuta wa jirani.

Nikataka kuondoka, afu nikauliza, basi watoto walitakiwa wacheze wapi? Kidole kikashuka mitaa miwili chini, pamepakwa rangi ya kijani, eneo la wazi. Nikapajua palepale. Pana fremu nne, sehemu ya kuosha magari na baa. Binti akaanza kukunja ramani taratibu.

Mkutano wa mtaa Jumapili iliyofuata tulijaa mpaka nje, kokoto zimefanya kazi ambayo tangazo lilishindwa. Ajenda ya kituo cha afya ilichukua robo saa, hakuna aliyepinga akishaona ramani. Kwenye mengineyo nikasimama nikauliza kuhusu lile la kijani. Kimya. Yule mzee wa voisi ya kwanza, wa kiwanja cha watoto, alikuwa benchi la mbele kabisa, akatazama saa akasema anawahi dawa, na watu wakampisha kwa heshima. Fremu mbili kati ya zile nne ni zake. Mtendaji kaandika kwenye daftari "eneo la wazi, kufuatilia halmashauri". Watoto kwa sasa wanachezea barabarani, magoli wameweka matofali waliyookota sait.